Zimwi aliyetubu mjini Mombasa

Ndugu yangu, umeuliza kama kitabu cha katuni kuhusu mazimwi waliotubu na kuhamia Mombasa kitachekesha au kitawatisha watoto. Kitachekesha, mradi kicheko kitokane na juhudi ya zimwi kuishi kama jirani mwema, wala si sura yake. Katika ngano zetu zimwi humtia msichana ndani ya ngoma na kumzungusha vijijini aimbe, ili yeye apewe chakula; basi mchore zimwi huyo huyo akipiga ngoma arusini Mji wa Kale, huku wazee wakiomba kwanza kuchungulia kilichomo ndani. Hapo pana hadithi nzima, kwa sababu kutubu ni jambo moja na kuaminiwa ni jingine. Feri ya Likoni nayo itakupa ukurasa mzuri, kwani asubuhi abiria hubanana humo na mwenye pembe hana pa kuzielekeza. Ila nakusihi usimfanye mjinga: mpe haya ya kweli na subira, na maneno yake uyaandike kwa Kimvita cha mitaani, yaani lahaja ya Kiswahili ya Mombasa, maana ndicho atakachojifunza kwa majirani.