Kabla Hujaiamini Picha ya Ndani

Mashine ya CT, ile ya hospitalini inayotoa picha za viungo vya ndani, haioni ndani ya mwili. Naanza na hilo kwa sababu wengi wanaonijia wakitaka kujifunza kazi ya kutengeneza picha za ndani ya vitu huja wakidhani kuna kamera mahali fulani. Hakuna. Mashine inapitisha eksirei upande mmoja, na upande wa pili inapima kiasi kilichobaki baada ya kingine kufyonzwa njiani. Basi. Yanayofuata ni hesabu tupu: una majumlisho, unatafuta vilivyojumlishwa.

Chukua karatasi uchore visanduku vinne, viwili juu na viwili chini. Nakuambia safu ya juu ina jumla ya 5 na ya chini 9. Safu wima ya kushoto ina 6 na ya kulia 8. Ndani kuna namba gani? Ukijibu kwamba juu ni 1 na 4, chini 5 na 4, umepata. Mwenzako akijibu kwamba juu ni 2 na 3, chini 4 na 5, naye kapata, na vipimo vyote vinne vinawaunga mkono nyote wawili. Wa kuwaamua ni mwale mmoja wa mshazari, kutoka pembe ya juu kushoto hadi ya chini kulia. Ukisoma 5, wewe ndiye. Ukisoma 7, ni yeye.

Kabla hujagusa programu yoyote, cheza mafumbo ya aina hii kwa mkono. Endelea mpaka uache kujiuliza ni picha gani inakubaliana na data yako, uanze kujiuliza ni picha ngapi tofauti zinakubaliana nayo. Katika miaka yangu ya kazi hii sijaona jambo linalomtenganisha mtaalamu na mbabaishaji kuliko hilo.

Mwaka 1917 mwanahisabati Johann Radon alithibitisha kwamba ukiwa na jumla za mistari yote inayokatiza kitu, unaweza kukirudisha kitu chenyewe bila utata. Hesabu hiyo ilikaa kimya miaka mingi. Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Afrika Kusini, alilitatua swali hilo upya mnamo 1963 bila kujua kuwa Radon alishapita hapo (huwa nalikumbuka hili kila ninapojipongeza kwa ugunduzi, kisha nikaukuta kwenye kitabu cha zamani). Mhandisi Mwingereza Godfrey Hounsfield ndiye aliyeunda mashine, na mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo London mwaka 1971. Picha yenyewe ilikuwa na pikseli (visanduku vidogo vya picha) 80 kwa 80, yaani namba 6,400 zisizojulikana. Vipimo vilikuwa 160 kwa kila pembe, na pembe zilikuwa 180, jumla 28,800. Cormack na Hounsfield waligawana Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1979.

Kwa nini vipimo vingi kuliko namba zinazotafutwa? Kwa sababu kila kipimo kina chenga zake, yaani makosa madogo ya kubahatisha. Na hapa ndipo wanafunzi wengi huteleza, kwa hiyo tukae kidogo.

Tazama milinganyo miwili: x + y = 2, na x + 1.001y = 2.001. Jibu ni x = 1, y = 1. Sasa kifaa kikosee kidogo tu, kisome 2.002 badala ya 2.001. Ukitatua tena unapata x = 0 na y = 2. Kosa la sehemu moja tu ya elfu kwenye kipimo limefuta kitu kizima upande mmoja na kukiongeza mara mbili upande wa pili. Milinganyo ya namna hii si ya kubuni. Utaipata kila miale miwili inapopita karibu njia ileile. Mfaransa Jacques Hadamard alikuwa ameshatuwekea masharti ya swali lililotulia: jibu liwepo, liwe moja, na lisiyumbe ovyo data inapoyumba kidogo. Maswali ya kutafuta yaliyofichika hushindwa hasa kwenye sharti la tatu.

Dawa inayotumika sana imetokana na mwanahisabati Andrey Tikhonov. Unaacha kudai kwamba milinganyo itimie sawasawa. Unatafuta jibu linalopunguza kosa la data pamoja na adhabu uliyoiweka juu ya majibu makubwa au yenye mikwaruzo. Katika mfano wetu, adhabu ndogo tu inarudisha jibu karibu na 1 na 1, hata kwa kile kipimo kibovu. Ukitaka kingo za vitu zibaki kali, adhibu jumla ya mabadiliko kati ya pikseli jirani. Lakini ujue kwamba mteremko laini utageuzwa ngazi.

Adhabu iwe kiasi gani? Nimeona watu wakiiongeza na kuipunguza mpaka picha iwapendeze machoni. Huko ni kuchora. Kanuni ya mwanahisabati Morozov ina adabu zaidi: kosa linalobaki kati ya picha yako na data lilingane na kiwango cha chenga, lisiwe dogo kuliko hapo. Lakini kanuni hiyo inataka ukijue kiwango chenyewe, kwa hiyo pima kitu kilekile mara kadhaa bila kukigusa, uone namba zinavyotofautiana. Ni kazi ya saa moja, na ni ajabu jinsi watu wanavyoikwepa.

Ukitumia njia ya kurudiarudia, kama ile ya Stefan Kaczmarz ya mwaka 1937 inayorekebisha picha kwa mlinganyo mmoja baada ya mwingine, adhabu yako ni saa ya kusimama. Mizunguko ya mwanzo huitengeneza picha. Ukiiacha kompyuta iendelee usiku kucha, asubuhi utaikuta imejaa chenga, kwa kuwa sasa inatii hata makosa ya kifaa.

Kuna jambo ambalo watu wa fani hii hulitania kwa kuliita uhalifu: kutengeneza data ya majaribio kwa modeli ileile (milinganyo ya jinsi kifaa kinavyopima) na gridi ileile (mpangilio wa visanduku vya picha) utakayotumia kutatua. Matokeo hung'aa. Ukiniletea kazi ya namna hiyo nitairudisha bila kusoma mbele. Data ya majaribio itoke kwenye gridi nyingine iliyo laini zaidi, kisha uichafue kwa chenga.

Angalia pia pembe zako. Mwale huona vizuri ukingo unaougusa kwa kuambaa nao. Ufa mwembamba ndani ya chuma huonekana pale miale inapopita kuufuata urefu wake. Miale ikiukata kati, karibu haubadilishi kipimo. Kama kifaa hakiwezi kuzunguka kitu chote, uliza kwanza ufa unaoutafuta unalala upande gani. Hakuna programu itakayorudisha kingo ambazo hakuna mwale ulioziambaa, ikizirudisha, imezibuni. Hili liwaguse hasa wanaotumia akili mnemba siku hizi. Rudisha picha yake kwenye hesabu ya mbele, ile inayotoka kwenye picha kwenda kwenye vipimo, uone kama inatoa vipimo ulivyopima. Ikifeli, itupe. Ikifaulu, bado inaweza kuwa lile jibu la mwenzako kwenye visanduku vinne.

Mwisho niseme juu ya kutengeneza picha za ndani kwa umeme badala ya eksirei, maana naulizwa sana. Mwaka 1980 mwanahisabati Alberto Calderón aliuliza kama vipimo vya mkondo na volti juu ya ngozi ya kitu vinatosha kujua upitishaji wa umeme ndani yake. Wanahisabati John Sylvester na Gunther Uhlmann walijibu ndiyo mwaka 1987, kwa vitu vyenye urefu, upana na kina ambavyo upitishaji wake hubadilika taratibu. Kwa karatasi ni ndiyo. Kwa vifaa ni taabu, kwani ili uongeze undani kidogo tu unahitaji data bora maradufu kwa maradufu. Usitafute picha kamili. Pima mgonjwa akiwa ametoa pumzi, pima tena akiwa ameivuta, utafute tofauti. Makosa ya mahali elektrodi (vibandiko vya kupitishia umeme kwenye ngozi) zilipokaa yapo kwenye vipimo vyote viwili, kwa hiyo sehemu kubwa yake hujifuta. Hutaweza kusema mapafu yanapitisha umeme kiasi gani, lakini utaweza kumwonyesha daktari kwamba pafu la kushoto haliingizi hewa, na mara nyingi hilo ndilo alilouliza.