Riwaya ya msichana aliyerudi Kilwa ya 1331: afungwe na nini?

SWALI: Shikamoo mhariri. Ninaandika riwaya ya watoto wa miaka 10 hadi 13. Msichana wa Kilwa Masoko anavuka kwenda Kisiwani, anaingia kwenye magofu, anajikuta mwaka 1331, siku ambazo Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, yupo mjini. Nimempa simu inayoweza kumrudisha kwao wakati wowote. Walionisomea rasimu wanasema haiwashiki. Nirekebishe wapi? Na je, anaweza kubadili historia? Msomaji, Lindi.

JIBU: Marahaba. Waliokusomea wamekuambia kweli, na kasoro ni hiyo simu. Mtoto anayejua kwamba kubonyeza tu kutamtoa hatarini hana sababu ya kukimbia, kujificha wala kumwamini mtu asiyemjua. Mnyang'anye. Mfunge kwa kitu kilichowafunga watu wote wa pwani enzi hizo: pepo za msimu.

Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, nayo ndiyo iliyoleta vyombo kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Kusi ikishika, vyombo hurudi. Ibn Battuta mwenyewe alishuka pwani kupitia Mogadishu na Mombasa, kisha kutoka Kilwa akasafiri hadi Dhofar, kusini mwa Uarabuni. Basi mlango wako wa wakati ufunguke kaskazi inapolegea, ufungike chombo cha mwisho kikitweka tanga kuelekea kaskazini. Hapo bandari nzima inakuwa saa ya msichana wako. Akiona mafundi wanakaza kamba za makumbi zilizoshona mbao za chombo, akisikia manahodha wanabishana juu ya shehena, moyo unamwenda mbio, na wa msomaji pia. Hutahitaji kumweleza mtoto biashara ya Bahari ya Hindi kwa kurasa tatu. Ataielewa kwa sababu inamhusu.

Tumia mahali hapo hapo kumjulisha msichana kwamba amehama. Ngome iitwayo Gereza, unayoiona ukishuka mashuani, haipo, maana ngome ya kwanza pale ilijengwa na Wareno mwaka 1505. Na asimuulize mtu, "Huu ni mwaka gani?" Akijibiwa ataambiwa 731, kwa hesabu ya Hijria, na itamchanganya zaidi. Afadhali aokote sarafu ya shaba. Kilwa ilikuwa na sarafu zake, upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtukuza Mungu yanayolingana nalo kwa vina. Mtoto aliyesoma madrasa atazitambua herufi: al-Hasan bin Sulaiman. Nalipenda jambo hili kwa dhati, kwa kuwa elimu aliyotoka nayo nyumbani ndiyo inayomwokoa.

Chakula nitakigusa tu, kwa sababu waandishi wengi hujikwaa hapo. Mahindi, muhogo, nyanya, pilipili kali, papai, nanasi na karanga asili yake ni Amerika. Mwaka 1331 havikuwapo pwani. Mpe wali, mtama, kunde, ndizi, samaki, nazi. Na kwa upande wa mavazi, kanga ni za karne ya 19.

Sasa historia. Ibn Battuta alisimulia safari zake Morocco zaidi ya miaka 20 baadaye, na habari zake za Kilwa ni chache. Hataji hata Husuni Kubwa, jumba la al-Hasan lenye vyumba zaidi ya mia moja na bwawa la pembe nane juu ya jabali la bahari. Kanuni ninayokushauri ni moja: tukio lililoandikwa lisibadilike, bali msichana awe huru katika yale ambayo hakuna aliyeyaandika. Jumba hilo lote ni lake.

Lakini kanuni hiyo ina gharama, usiikwepe. Ibn Battuta anasimulia kwamba fakiri kutoka Yemen alimwomba sultani nguo alizovaa alipotoka kuswali Ijumaa. Sultani akaingia nyumbani kwa khatibu, akazivua, akampa. Mwanawe akazikomboa nguo zile kwa watumwa kumi. Sultani akaongeza wengine kumi na pembe za ndovu mizigo miwili. Kisa hicho husimuliwa kama mfano wa ukarimu, na vitabu vya watoto huishia kwenye nguo. Tafadhali wewe usiishie hapo. Waliotolewa walikuwa watu ishirini. Mmoja wao awe binti aliyemfundisha msichana wako kuteka maji kisimani, sura nne nyuma, na kumficha usiku wa kwanza. Msichana anajua kitakachotokea, kwa sababu kimeandikwa. Anajua pia kwamba kusi imeanza kuvuma. Je, atatumia siku zilizobaki kutafuta njia ya kurudi, au kutafuta njia ya kumtoa binti yule katika wale ishirini, maana kitabu hakikuwataja kwa majina? Iandike sura hiyo kwanza, kabla ya kurudi kuzirekebisha zilizotangulia.