Maswali yenu: Nyumba ya mama kule Lushoto, ina nyota ngapi?

SWALI: Shikamoo dada. Mama yangu ana nyumba Lushoto, njia ya kwenda Irente, vyumba vinne. Tumepaka rangi tukaweka vitanda, na sasa wageni wanaokuja kutembea milima ya Usambara wanaulizia, hata watu wa Dar wakipanda wikendi. Jirani ametuchorea kibao kizuri tu akasema tuweke na nyota tatu, maana bila nyota mgeni hasimami. Inaruhusiwa? Na kama hairuhusiwi hizo nyota zinaombwaje? – Kijana wa mama, Lushoto

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kibao kitundikeni ila nyota zifuteni kabla rangi haijakauka. Nyota za malazi mtu hajipi mwenyewe. Kwa Tanzania Bara zinatolewa na Wizara ya Maliasili na Utalii, na wanatumia vigezo vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vya mwaka 2009, yaani ni vilevile vinavyotumika Kenya, Uganda na Rwanda, kuanzia nyota moja mpaka tano. Mkaguzi anakuja na fomu yake anapita kipengele kwa kipengele, jengo, vyumba, bafu, jiko, usalama, wafanyakazi, huduma. Kuna vitu vya lazima ambavyo ukikosa hata kimoja huendi popote, halafu kuna vya pointi ambavyo ndivyo vinakupandisha.

Sasa sikiliza hapa. Nyota inahesabu zaidi vitu mlivyonavyo. Ukitaka kupanda juu utaulizwa mapokezi, mgahawa, huduma za saa nyingi, wafanyakazi wenye vyeti, na nyumba ya mama ya vyumba vinne haina sababu ya kuwa na vyote hivyo, mgeni wenu hakupanda zile kona zote kutoka Mombo kuja kutafuta mapokezi ya marumaru, amekuja kwa ule ubaridi na ukungu wa asubuhi na chai ya mama. Kwa hiyo mkikaguliwa leo mkapata nyota moja au mkakosa kabisa msivunjike moyo, haina maana nyumba ni mbaya.

Wenzetu wa Ufaransa hili waliliona mapema. Wana shirikisho la nyumba za mapumziko vijijini linaitwa Gîtes de France, lipo tangu 1955, na alama yao wenyewe siyo nyota, ni masuke ya ngano, suke moja mpaka matano. Nyumba ya shamba inapimwa kama nyumba ya shamba. Mimi kwa moyo wote natamani na sisi tuwe na kitu kama hicho, tena ingekuwa hata majani ya mgomba, maana sasa hivi nyumba ya familia Lushoto au Marangu inawekwa kwenye foleni moja na lodji kubwa za mbugani na hiyo siyo haki.

Kabla ya nyota lakini kuna leseni, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa. TIN (namba ya mlipakodi), leseni ya biashara, afisa afya aje aone choo na jiko, zimamoto nao wakague, halafu leseni ya biashara ya utalii ya Wizara. Anzieni kwa afisa biashara wa halmashauri pale pale Lushoto atawapa mtiririko wote, msimpe mtu wa katikati hela. Na kitabu cha wageni kiwepo tangu siku ya kwanza, jina, anatoka wapi, namba ya pasipoti au kitambulisho.

Baada ya hapo nakupa kazi moja na uifanye kweli. Wewe na mama mlale usiku mmoja mmoja kwenye kila chumba, vyote vinne, kama wageni. Fika saa moja jioni na begi lako, washa taa, kaa kitandani usikie godoro linazama kiasi gani, nenda bafuni fungua maji ya moto uhesabu yanachukua dakika ngapi kufika, zima taa halafu jaribu kutafuta swichi gizani ukiwa umelala. Vuta shuka unuse. Blanketi moja Lushoto mwezi wa saba halitoshi kabisa, wewe umezaliwa huko unaona kawaida ila mtu wa Dar atakesha anatetemeka, weka mawili na la tatu liwe kabatini. Kwa kulala hivyo mtajua mengi kuliko mkaguzi atakayekaa nusu saa.

Na hili naomba ulisome mara mbili. Jiko la mkaa lisiingie chumbani. Najua huko baridi ikizidi mgeni anaomba mwenyewe, na mwenyeji kwa ukarimu anampelekea. Mimi iliwahi kunitokea kwenye nyumba moja ya wageni milimani (siitaji), binti akaniletea jiko zuri limekolea akaliweka mlangoni kwa ndani akafunga na dirisha ili joto lisitoke, usiku wa manane nikaamka kichwa kinapasuka na miguu haina nguvu, nikajikokota mpaka mlangoni nikaufungua nikakaa chini kwenye sementi baridi nikivuta hewa. Ile sumu ya mkaa, kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, mtu anasinzia tu haamki. Yule binti hakuwa na ubaya wowote, alinihurumia baridi, hakuna aliyewahi kumwambia. Kwa hiyo mwambie mama, na mwambie kila atakayewasaidia kazi. Mpeni mgeni chupa ya maji ya moto aingie nayo kitandani, au moto wa kuni ukae sebuleni kwenye jiko lenye bomba la kutolea moshi nje.

Kwenye kibao andikeni ukweli: vyumba vinne, maji ya moto, chakula cha nyumbani, njia ya Irente. Inatosha hiyo.

SWALI: Hujambo dada, niko Nakuru. Tulibuku kotegi karibu na Naivasha kwa mtandao, iliandikwa nyota tano na picha safi sana. Kufika tukapata maji yanabebwa na jerikeni, geti halifungi, na ile swimingi puli ya kwa picha ni ya jirani. Kwani hizo nyota tano walipewa na nani? – Mama watoto wawili

JIBU: Sijambo dadangu, na pole sana, safari ya watoto ikiharibika hivyo inauma mara mbili.

Kuna nyota za aina mbili na watu wanazichanganya kila siku. Za kwanza ndizo za serikali, na kwenu Kenya zinatolewa na Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, TRA (siyo TRA yetu ya kodi huku Tanzania), iliyoundwa kwa Sheria ya Utalii ya 2011. Za pili ni za wageni. Ile 4.9 unayoiona Airbnb, ule mtandao wa kukodi nyumba, hakuna mkaguzi aliyefika, ni wastani wa waliolala pale, wanapima usafi, kama nyumba inafanana na maelezo, kupokelewa, mawasiliano, mahali ilipo na thamani ya hela. Sizidharau hata kidogo, mimi mwenyewe naziangalia, ila 5 ya watu watatu haina uzito kama 4.7 ya watu mia mbili. Halafu kuna hiyo ya kwenu, ambayo mwenye nyumba ameiandika tu kwenye tangazo, hiyo hata usiihesabu.

Watu wengi hawajui kwamba ile sheria ya 2011 imetaja kwa majina kotegi za likizo, banda, homstei, vila na gesti kwenye orodha ya biashara zinazotakiwa kuwa na leseni. Udogo siyo kisingizio. Kwa hiyo safari ijayo kabla hujatuma hela muulize mwenyeji swali moja tu, leseni yenu ya TRA ni namba gani. Anayo atakutumia picha dakika hiyo hiyo, hana ataanza hadithi. Na mwombe akupigie video akitembea toka getini mpaka bafuni, afungue na bomba uone maji yakitoka.

Kwa hili lililopita, kama ulilipia kupitia mtandao wenyewe peleka malalamiko kwao na picha zako mapema, wana muda maalumu wa kupokea na wewe umeshachelewa kidogo lakini jaribu. Kama ulituma M-Pesa moja kwa moja kwa mwenye nyumba hapo itakuwa ngumu, ila andikia TRA hata hivyo, weka tarehe, risiti na skrinshoti ya lile tangazo. Na andika maoni yako pale kwenye tangazo, bila matusi, taja maji, taja geti, taja puli. Kuna mama mwingine na watoto wake anaisoma hiyo leo usiku.

SWALI: Dada, tuna banda tatu za makuti Kilifi, tunatumia sola na maji ya mvua. Nyota hatuziwezi. Hakuna cheti kingine cha watu wa aina yetu? – Vijana wa Kilifi

JIBU: Kipo. Shirika la Ecotourism Kenya lina mpango wake wa kupima malazi kwa upande wa mazingira na jamii, umeanza 2002, na unatoa daraja tatu: shaba, fedha na dhahabu. Wanaangalia maji mnayatumiaje, taka zinaenda wapi, umeme wa nini, mmeajiri nani, kijiji kinapata nini. Ni wa hiari na hauchukui nafasi ya leseni, leseni lazima muwe nayo.

Anzeni kuweka daftari sasa hivi, maana mkaguzi atataka kuona kumbukumbu. Tangi limejaa lini, limeisha lini, wageni walikuwa wangapi, mboga na samaki mmenunua kwa nani na kwa shilingi ngapi. Mkifika miezi sita niandikieni tena, mnitumie na picha ya ukurasa mmoja, nataka kuuona.