Mwili mmoja wa tochi, vichwa vitatu: ushauri wa fundi wa stima

Nyumba ilikuwa Buruburu, Nairobi, mojawapo ya zile zilizoanza kujengwa miaka ya 1970 ambazo wenyewe wameziongezea vyumba mbele, nyuma na juu. Nilikuwa darini, magoti juu ya mbao, nikitafuta mahali nyaya za zamani zilipounganishwa na za chumba kipya. Za zamani ni nyekundu kwa laivu, waya unaoleta umeme, na nyeusi kwa nyutro, waya wa kuurudisha. Za siku hizi ni kahawia kwa laivu na buluu kwa nyutro. Tochi yangu ilikuwa na mwanga mweupe wa kuelekea buluu, mkali wa kuumiza macho, na chini ya mwanga huo niliona nyaya mbili nyeusi. Niligusisha bisibisi ya kupimia kwenye mmoja, kwa kuwa aliyenifunza kazi hakuniruhusu kamwe kukata waya ambao sijaupima, na kitaa chake kikawaka. Ule waya "mweusi" ulikuwa wa kahawia.

Nilishuka nikaomba maji. Mama mwenye nyumba akaniuliza, "Fundi, mbona uso umekubadilika?" Nikamwambia, "Ni tochi, mama." Hakuelewa, na wakati ule sikuwa na nguvu ya kueleza.

Tangu siku hiyo nimetumia pesa na jioni nyingi kujaribu vichwa vya tochi, na nimefikia uamuzi ambao ningependa fundi mwenzangu aufikie bila kupitia nilikopitia: kichwa kinachomulika mbali zaidi ndicho nilichokitumia mara chache kuliko vyote.

Kwa asiyejua, tochi ya vipande iko hivi. Mwili ni bomba la alumini linalobeba betri. Mkiani kuna swichi. Kichwani kuna LED, riflekta (kile kikombe kinachong'aa cha kuakisi mwanga) au lenzi, na saketi ndogo inayodhibiti umeme unaoifikia LED, ambayo huitwa draiva. Ukifungua kichwa na kufunga kingine, umebadilisha karibu kila kitu. Hata zile hatua za mwanga, hafifu, wastani na kali, huhama pamoja na kichwa, kwa kuwa akili yote iko kwenye draiva. Mtindo uliosambaa zaidi ulitoka Marekani, kwa SureFire, ambao tochi yao ya 6P ilitumia taa ya kuchomeka iliyoitwa P60, ya lumeni 65 tu (lumeni ni kipimo cha jumla ya mwanga). LED zilipokuja, watengenezaji wengine kama Malkoff wakatengeneza moduli za ukubwa uleule, na siku hizi ukisikia mtu akitaja P60 anazungumzia kipimo. Convoy wa China nao huuza LED, riflekta na draiva kipande kwa kipande, na mtu mwenye mkono mzuri wa kulehemu anaweza kujiundia kichwa chake mwenyewe.

Kabla ya kuwaza mwanga, waza hesi, yaani yale meno yanayokaza kichwa mwilini. Kichwa changu cha pili nilikiagiza kwa kutazama kipenyo peke yake. Kilifika, kikaingia mizunguko miwili, kikagoma. Nikalazimisha. Alumini ni laini. Nilipokifungua, meno ya mwili yalikuwa yamekwaruzika na vumbi la chuma limebaki kwenye vidole vyangu. Nilimpelekea fundi wa kukereza Kariobangi Light Industries. Aliweka kipimo cha meno, akatikisa kichwa, akanionyesha: kipenyo kilikuwa kilekile lakini nafasi kati ya jino na jino ilikuwa tofauti. Alinikerezea pete ya kuunganisha, hesi moja ndani na nyingine nje, na inafanya kazi hadi leo.

Lakini pete hiyo ilinifunza jambo la pili. Katika tochi nyingi umeme haupiti kwenye meno. Meno yamepakwa rangi ngumu isiyopitisha umeme, na mkondo unapita kwenye ukingo wa bomba unapogusa kichwa kwa ndani. Pete ikiwa ndefu kwa upana wa kucha, ukingo haufiki, na tochi haiwaki hata ubadilishe betri mara kumi. Rangi hiyo ina faida yake pia: ukilegeza kichwa robo mzunguko, tochi haiwezi kujiwasha ndani ya mkoba. Kwa hivyo ukienda Luthuli Avenue kutafuta kichwa, nenda na mwili wako mkononi. Kifunge palepale kaunta, kwa vidole viwili, bila nguvu, na ukiwashe kabla ya kulipa.

Sasa vichwa vyenyewe.

Kile ninachokaa nacho siku nzima kina LED moja ya 519A ya kampuni ya Nichia ya Japani, ya kelvini 4500 (kipimo cha rangi ya mwanga, kutoka manjano hadi buluu), ndani ya riflekta yenye ganda la chungwa, yaani iliyo na vijitundu kama vya ngozi ya chungwa badala ya uso laini kama kioo. Vijitundu hivyo huvunja mwanga, ukiangalia waya wa karibu huoni doa kali katikati na giza pembeni. Ila sababu yangu kubwa ni rangi. LED nyeupe kwa kweli ni LED ya buluu iliyofunikwa unga unaogeuza sehemu ya buluu kuwa manjano na rangi nyingine. Ile buluu yenyewe ndiyo iliyowapa wanasayansi Akasaki, Amano na Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014, na Nakamura aliifanyia kazi akiwa Nichia. Unga ukiwa wa kawaida, mwanga unakosa nyekundu. Na kahawia ni nini kama si nyekundu na manjano iliyofifia? Ukiinyima nyekundu yake, inakuwa kama nyeusi. Uaminifu wa rangi hupimwa kwa kipimo cha CRI, ambacho mwisho wake ni 100. LED nyingi za kung'aa sana ziko karibu na 70. Hii yangu imepita 90, na kuna kipimo kingine kando yake kiitwacho R9, cha nyekundu iliyokolea, ambacho ningekuomba ukiulizie hata kabla ya lumeni. Gharama yake ni kwamba kwa betri ileile unapata mwanga mchache kidogo. Sijawahi kuujutia.

Kama huna namna ya kupima dukani, beba vipande vya waya: nyekundu, kahawia, nyeusi. Vimulike chini ya kaunta, mahali penye giza. Macho yako yatakwambia kwa sekunde mbili.

Kichwa cha pili kina LED tatu chini ya lenzi moja ya plastiki yenye macho matatu. Hiki hakina doa kabisa, kinafunika dari yote au chumba kizima cha mita kama taa ya ukutani. Usiku wa 25 Agosti 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima, nilikisimamisha mezani kimulike dari kwa hatua ya chini, na familia ikala chini ya mwanga wake bila kivuli usoni kwa mtu. Kwa kuvuta nyaya ndani ya chumba kitupu, sijaona kinachokishinda.

Tatizo lake ni joto. LED tatu zinakula umeme mwingi, na sehemu kubwa ya umeme huo inageuka joto ndani ya kichwa kidogo kuliko ngumi. Chini ya vigae saa saba mchana, hatua kali inadumu dakika chache, kisha draiva inajipunguza yenyewe, na ni vyema ijipunguze, kwa kuwa kisicho na ulinzi huo kitachoma LED zake. Moduli za P60 zina udhaifu wa ziada: zinakaa ndani ya kichwa zikiwa zimezungukwa na upenyo mwembamba wa hewa, na hewa hupitisha joto kwa shida. Dawa yake ni foili ya jikoni. Izungushe moduli tabaka kwa tabaka mpaka iingie kwa kubanwa, ili joto lipite hadi kwenye bomba na mkononi mwako. Ukiona bomba linapata joto mapema zaidi baada ya hapo, furahi: joto limeondoka kwenye LED.

Halafu kuna kichwa kikubwa, chenye riflekta ndefu na laini. Hiki ndicho kila mtu hukiomba akamulike ukuta wa jirani. Nilivipima vyote vitatu kwenye korido ya ghorofa ninayoishi, mita 5 kutoka ukutani, kwa programu ya simu inayosoma luksi, yaani mwanga unaoangukia mahali. Simu si chombo cha maabara, lakini kwa kulinganisha vitu vitatu kwa simu ileile inatosha. Zidisha luksi kwa umbali mara mbili, yaani 5 mara 5, upate kandela, kipimo cha ukali wa mwanga kuelekea upande mmoja. Cha rangi, yaani kile cha Nichia, kilinipa luksi 240, ambazo ni kandela 6,000. Cha LED tatu, 140, yaani 3,500. Kikubwa, 1,600, yaani 40,000. Ili kupata umbali unaoandikwa kwenye maboksi, chukua kipeuo cha pili cha kandela, uzidishe kwa 2: kikubwa kinafika mita 400, cha rangi kama 155, cha LED tatu kama 118. Ona kwamba kile cha LED tatu, chenye lumeni nyingi kuliko vyote, ndicho kilichofika karibu zaidi. Umbali unatokana na ukubwa wa riflekta na ukali wa kile kijiuso cha LED, si na jumla ya mwanga. Na mwisho wa umbali huo unabaki na robo ya luksi tu, mwanga kama wa mbalamwezi, kwa hiyo ukitaka kutambua kitu hasa, gawanya kwa mbili au zaidi.

Kuna jaribio moja ambalo fundi yeyote asiliruke. Washa kichwa kwa hatua ya chini, ukitazame kupitia kamera ya simu. Ukiona mistari inayotembea, draiva yake inapunguza mwanga kwa kuuwasha na kuuzima haraka haraka. Kwa kusoma mita haidhuru. Lakini karibu na mashine ya kusaga au feni, mwanga wa namna hiyo unaweza kufanya kitu kinachozunguka kionekane kimesimama, na mkono ukakifuata.

Kuhusu umeme, soma volti za kichwa kila mara. Betri moja ya 18650, ukubwa wa kawaida wa betri za kuchaji za tochi hizi, ikijaa ina volti 4.2. Mimi niliwahi kuongeza kipande cha kurefusha bomba ili niweke betri mbili fupi, nikasahau kwamba kichwa kilichokuwa juu kilikubali 4.2 tu. Volti 8.4 zilikiua kabla sijatoa kidole kwenye swichi, kwa harufu ambayo kila fundi anaijua. Siku hizi kila kichwa changu nimekiandika volti zake kwa kalamu ya wino mzito. Betri nazo ziangalie: 18650 nzuri ya kawaida inabeba karibu mAh 3,500 (kipimo cha chaji inayohifadhiwa) na ina uzito wa gramu 45 hadi 50. Iliyoandikwa 9,900, nyepesi mkononi, irudishe kwenye rafu.

Ukiniuliza uanze na kipi, anza na cha rangi, hata kama ni hicho peke yake kwa mwaka mzima. Cha LED tatu kifuate kama unafanya kazi kwenye vyumba visivyo na taa. Kikubwa nilikibeba mkobani miezi sita, nikakitumia mara mbili, mara zote nje ya nyumba. Mwishowe nilikifunga kwenye mwili mwingine na kumpa mzee anayelinda geti letu. Ukuta wa nyuma uko mbali na kibanda chake, na tangu hapo hatoki kwenye mvua kwenda kuangalia kinachobweka huko. Anakimulika kutoka mlangoni.