Watu 300 wananisifu, lakini hadithi yangu imelala: nitoke kwenye kundi?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi ni binti wa miaka 24, naishi Mafinga. Tangu mwaka jana naandika hadithi ndefu ya familia inayofanya biashara ya mbao, naituma kwa sehemu kwenye kundi la WhatsApp lenye waandishi na wasomaji kama 300. Nimefika sehemu ya 31. Kila nikituma napata makopa na "leta nyingine". Lakini mimi mwenyewe nahisi kuna mahali hadithi imelala, na nikiomba maoni naambiwa "iko vizuri dada, kaza buti". Mwezi uliopita nilijaribu kukusanya sehemu zote niziweke kwenye Word ili uwe mswada, nikakuta vurugu tupu: nyota, tarehe na majina ya watu katikati ya maandishi. Halafu kuna mtu kaisambaza sehemu ya 4 bila jina langu. Nimechoka. Nitoke nikaandike peke yangu? Nimekuambatanishia sehemu ya 9.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kamwene.

Usitoke. Nimehariri miswada hapa Iringa kwa miaka mingi, na mingi iliyonifikia ilikuwa imesomwa na mtu mmoja tu, yule aliyeiandika. Wewe una watu waliokufuata hadi sehemu ya 31, kwa bando lao, jioni wakiwa wamechoka. Hiyo "leta nyingine" usiidharau. Ni mtu anakuambia kwamba jana hakulala kabla ya kujua kilichotokea. Mwandishi wa kwetu huku nyanda za juu, aliye mbali na wachapishaji na mikutano ya vitabu ya Dar es Salaam, anaihitaji sauti hiyo kama anavyohitaji jiko la mkaa mwezi wa saba.

Ila swali ulilowauliza halijibiki. Ukimpakulia mgeni chakula, kisha ukamuuliza mbele ya watu chakula kilikuwaje, atasema nini zaidi ya kushukuru? "Naomba maoni" mbele ya watu 300 ni swali la namna hiyo. Mwenye adabu atakusifu. Asiye na adabu atakuumiza, na aliyeona kasoro ya kweli atanyamaza asije akaonekana ana wivu.

Kwa hiyo chagua wanne na uwafuate faragha. Napenda wanne wasiofanana. Awepo mmoja wa huko huko Mufindi anayezijua mbao, ambaye ukiandika kipimo cha uongo atakukamata. Awepo mmoja wa mbali, wa Tanga au Unguja, ambaye maneno ya kwetu hayajui. Wa tatu awe anaandika kama wewe. Wa nne awe mtu ambaye kwa kawaida hadithi za namna hii hazimvutii, kwa sababu huyo akichoka hatakuvumilia hata aya moja, na uchovu wake ndio unaoutafuta. Mchumba na mama waache wabaki kuwa mashabiki.

Kila mmoja mtumie sehemu moja tu, umwombe aweke alama tatu pembeni ya maandishi: "hapa nimechoka", "hapa sijaelewa", "hapa siamini". Basi. Usimwombe akuambie namna ya kurekebisha, na akikuambia mshukuru uweke kando. Msomaji hujua vizuri sana mahali palipomkwaza, lakini kwa nini pamemkwaza hajui mara nyingi, na dawa yake haijui kabisa. Wawili kati ya wanne wakisimama kwenye mstari mmoja, kuna jiwe hapo. Hata kama mmoja anasema pafutwe na mwingine anasema parefushwe, jiwe lipo. Kulitoa ni kazi yako.

Nimeisoma sehemu yako ya 9 kwa jicho hilo. Inaanza hivi:

"Ilikuwa ni siku ya Jumatatu asubuhi ambapo Neema aliamka na kunawa uso na kunywa chai yake na kisha kuvaa sweta lake kwa sababu kulikuwa na baridi kali sana, na baada ya hapo alielekea kwenye dingdong ya baba yake kwa ajili ya kwenda kuangalia mbao."

Mimi nilichoka kwenye chai. Ndiyo alama yangu ya kwanza. Kuamka, kunawa, kunywa chai, kuvaa: hakuna hata kimoja kinachombadilisha Neema, na kila mmoja wetu amekifanya leo. Alama ya pili ingewekwa na yule msomaji wa Tanga: dingdong ni nini? Alama ya tatu sina, kwa sababu kila kitu nakiamini. Kisha nikashuka aya mbili, nikakutana na hii:

"Mbao zilikuwa mbichi, ukizigusa vidole vinanata utomvu. Alizihesabu mara mbili. Zilipungua arobaini."

Hapo nilikaa sawasawa kwenye kiti. Sentensi tatu fupi, kidole kinanata, halafu wizi. Hadithi yako haijalala, mwanangu, imechelewa kuamka. Anzia hapo kwenye utomvu. Baridi itajisema yenyewe Neema akivuta mikono ya sweta kabla ya kuhesabu.

Na dingdong usiiondoe. Najua kuna mwenzako kwenye kundi atakushauri uandike "kiwanda" ili watu wote waelewe. Kiwanda ni kitu kingine. Dingdong ni ile mashine ndogo ya kupasulia magogo, inayohamishwa kutoka shamba moja la miti hadi jingine, na anayeifuata analala kwenye turubai. Neno likibadilishwa, na maisha yale yanabadilika. Lifafanulie ndani ya tukio, bila mabano na bila maelezo chini ya ukurasa: "Dingdong ilikuwa imezimwa, na bila ule mlio wa msumeno ukipasua magogo, Neema alisikia misindano ikivuma." Msomaji wa Tanga sasa anajua ni mashine, inapasua magogo, ina kelele, iko msituni. Hakuhitaji kamusi.

Kuhusu kamusi, naona makundi mengi yanapoteza jioni nzima kubishana tahajia. Wekeni Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA, iliyotoka mwaka 2015, iwe mwamuzi, mambo yaishe. Mimi msimamo wangu ni huu: msimulizi wako aandike Kiswahili sanifu, lakini wahusika wazungumze kama watu wa Mafinga wanavyozungumza. Mzee anayekunywa ulanzi aseme kama mzee anayekunywa ulanzi.

Sasa niseme jambo ambalo hukuniuliza, nalo ndilo linaloamua kama utasaidiwa au la. Mtu wa kwanza atakayethubutu kukuambia "hapa nimechoka", wengine wanaangalia utamjibu nini. Ukijitetea, ukimweleza ulichokusudia, umefunga mlango, hatarudi yeye wala mwingine. Jibu "asante, nimepaona". Kisha kaa siku mbili. Siku ya kwanza inauma, sikufichi. Siku ya pili utakuta nusu ya alama zile ulizijua tangu ulipokuwa unaandika.

Na wewe uanze kutoa kabla ya kuomba. Chukua sehemu ya mwenzako ambayo haijapata hata kopa moja, uisome mara mbili, umwandikie faragha mstari mmoja uliokukaa kichwani na mstari mmoja ulipochoka. Mstari halisi, unakili maneno yake mwenyewe. Mtu akiona umeyanakili maneno yake anajua umesoma kweli. Fanya hivyo kwa watu watatu, utashangaa jinsi na wao watakavyoisoma yako.

Zamani tulikuwa watano hapa mjini, tunakutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi kwenye chumba kimoja maeneo ya Miyomboni. Kila mtu alileta kurasa tatu, lakini hakuzisoma mwenyewe. Alizisoma mwingine kwa sauti, na mwandishi alikaa kimya hadi mwisho. Nakumbuka siku kurasa zangu ziliposomwa na dada mmoja mwalimu. Alijikwaa kwenye sentensi moja, akarudi mwanzo, akajikwaa tena pale pale. Hakuna aliyesema neno. Mimi nilichukua kalamu nikaikata. Wewe huna haja ya chumba: mwombe mmoja wa wale wanne akusomee ukurasa mmoja kwa sauti aurekodi hapo hapo WhatsApp. Sikiliza anapokata pumzi pasipo na mkato, anaporudia, sauti yake inapopoa. Ni msaada mkubwa kuliko maoni 50, na yeye hahitaji kuwa mtaalamu.

Tuje kwenye ile vurugu. Umekuwa ukiandikia moja kwa moja kwenye WhatsApp, sivyo? Hapo ndipo tatizo lilipo. Ukinakili ujumbe mwingi kwa pamoja, programu inaweka tarehe, saa na jina la mtumaji mwanzoni mwa kila ujumbe. Nyota ulizoweka ili maneno yakolee zinaonekana kama maneno mazito ndani ya WhatsApp tu. Ukizipeleka Word zinabaki nyota. Kuzisafisha si kazi ngumu: fungua sehemu ya kutafuta na kubadilisha, tafuta nyota, na kisanduku cha kubadilisha kiache kitupu kabisa. Ila kwenye Word nyota peke yake huweza kusomwa kama "herufi zozote, hata ziwe ngapi" endapo umewasha utafutaji wa alama maalumu (wildcards), kwa hiyo hakikisha umeuzima, na fanya kazi hiyo kwenye nakala, si kwenye faili pekee uliyo nayo.

Kuanzia sehemu ya 32, andika kwanza kwenye Word au Google Docs ya simu. Hiyo ndiyo nakala mama. Ukimaliza, nakili kutoka huko upeleke kwenye kundi. Marekebisho yote yarudi kwenye nakala mama, maana ujumbe wa WhatsApp unaweza kuuhariri kwa dakika 15 tu tangu kuutuma, na uliokwisha kusambazwa kwingine haubadiliki hata ukiuhariri. Faili liite kwa tarehe, na kila mwezi jitumie kwa barua pepe. Mwenzangu mmoja simu yake iliingia maji akiwa na sehemu 40 ambazo hazikuwa mahali pengine popote. Alikaa miaka miwili bila kuandika.

Na washa kibodi ya Kiswahili kwenye simu. Nimeona kwenye sehemu ya 9 herufi kubwa zimejitokeza zenyewe na maneno mawili ya Kiingereza ambayo najua hukuyaandika wewe.

Sehemu ya 4 iliyosambazwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inakulinda tangu ulipoandika. Huhitaji kusajili ndipo kazi iwe yako, na ulinzi huo unadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo chako. Kutajwa kuwa wewe ndiye mwandishi nayo ni haki yako kisheria. Inacholinda ni maandishi yako. Wazo la binti anayelinda mbao za baba yake yeyote anaweza kuliandikia hadithi yake. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakupa ushahidi rahisi siku ya mgogoro, na kwa mswada uliokamilika nakushauri ufanye hivyo. Lakini kwa hili la sasa, piga picha ya kioo cha simu ikionyesha tarehe, kisha mwandikie mhusika faragha kwa upole. Mara nyingi mtu kama huyo si mwizi. Kaipenda, kanakili maandishi, na jina lako halikuwemo ndani ya maandishi yenyewe. Liweke humo: juu jina la hadithi, jina lako na namba ya sehemu, chini jina lako tena. Akikataa kurekebisha, ndipo uende kwa admini.

Kabla hujatuma sehemu zote hadi mwisho, fikiri unataka mswada huu uende wapi. Ipo Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na yapo mashindano mengine. Mengi yanataka kazi ambayo haijachapishwa, na wapo wanaohesabu kuisambaza mtandaoni kuwa ni kuichapisha. Soma masharti ya mwaka husika neno kwa neno. Kama unalenga huko, simamisha hadithi hii ilipofika, uwaambie wasomaji wako ukweli kwamba unaimalizia kwenye mswada, na uwaanzishie nyingine fupi. Watalalamika wiki moja. Kisha wataanza kukuuliza mswada umefika wapi, na siku utakayokwama kwenye sura ya 35 utafurahi kwamba kuna mtu anauliza.

Hiyo sehemu ya 9 iandike upya ukianzia kwenye utomvu. Waombe wale wanne alama zao, kisha nitumie sehemu hiyo pamoja na alama, usizifute hata zile ulizokataa. Na uniambie Neema aligundua vipi aliyechukua zile mbao arobaini, maana sehemu ya 10 hukuniambatanishia.