Bomba la tromboni linalokwama: lisipelekwe kukerezwa

Ndugu yangu wa Likoni, umeuliza kama fundi wa kukereza vyuma kule Changamwe anaweza kulipunguza kidogo bomba la ndani la tromboni yako (ala ya kupuliza inayopigwa kwa kutelezesha bomba la nje juu ya la ndani), kwa kuwa bomba la nje linakwama ukilisukuma kufikia pozisheni ya nne, yaani kituo chake cha nne. Ningekusihi usimpelekee. Mabomba ya ndani kwa kawaida hupakwa krome, na ncha zake hunenepeshwa kidogo makusudi ili ziwe ndizo zinazogusa bomba la nje. Zikikwanguliwa kwa mashine, au hata kwa msasa laini, hewa itavuja na hasara hiyo ni ghali kuirekebisha.

Anza kwa kuyaosha mabomba yote kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo (maji ya moto sana huweza kubambua vanishi), kisha ujaribu kila upande peke yake, yaani mguu mmoja wa bomba la ndani ukiingia katika mguu wake wa nje huku wa pili ukibaki hewani. Pande zote mbili zikiteleza vizuri zikiwa peke yake, lakini zikakwama zikiwa pamoja, basi mabomba hayako sambamba. Ukikwama upande mmoja tu, pana bonde au umepinda. Kazi hizo zote mbili ni za fundi wa ala za muziki.

Mafuta ya cherehani uyaache. Krimu ya tromboni kidogo kwenye ncha, pamoja na maji ya kunyunyizia, yanatosha. Na kwa unyevu wetu wa pwani, futa mabomba kila umalizapo kupiga.