Shangazi, kongosho, na nyongo iliyodhaniwa ina usaha

Shangazi yangu wa Umoja aliumwa tumbo wiki tatu akijitibu vidonda vya tumbo. Nairobi ukijishika juu ya kitovu, hata makanga atakuambia hizo ni ulsa. Akanunua dawa ya maji ya chupa na kila jioni akawa anashushia maziwa. Usiku mmoja maumivu yakamkata katikati na kutokea mgongoni, akatapika mpaka yakabaki maji ya kijani. Tulianzia kliniki ya jirani, tukamalizia hospitali kubwa.

Ugonjwa wenyewe haukuchelewa kujulikana. Lipasi, kimeng'enya cha kongosho, ilipita mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida, na altrasaundi ya kliniki ilikuwa imeonyesha vijiwe kwenye kifuko cha nyongo. Kijiwe kilikuwa kimeshuka na kukwama karibu na mlango ambao nyongo na maji ya kongosho hupitia kuingia utumboni, kongosho likawaka, yaani likavimba kwa uchungu.

Utata ulikuja baadaye. Daktari wa zamu aliona homa ya 38.4, chembe nyeupe za damu 16,000, bilirubini, ile rangi ya manjano ya nyongo inayopimwa kwenye damu, 48, na ile ripoti ya kliniki iliyosema ukuta wa kifuko umenenepa. Akatuambia mrija wa nyongo una maambukizi, kifuko nacho vilevile, na asubuhi itabidi afanyiwe ERCP, yaani kamera inayopitishwa mdomoni mpaka utumboni ili mlango wa mrija ufunguliwe. Tutafute pesa. Kufikia saa nane usiku kundi la WhatsApp lilikuwa limefunguliwa na mweka hazina ameshachaguliwa. Kwa harambee hatujambo.

Asubuhi akaja daktari mpasuaji, mama mmoja mpole asiye na haraka, akasoma faili lote huku amesimama. Swali lake la kwanza halikuwa la homa. Alimuuliza Shangazi alikula nini kabla ya ile picha ya kliniki. "Maziwa, daktari. Kikombe kizima, ya kutuliza ulsa." Yule mama akacheka kidogo. Mtu akila au akinywa kitu chenye mafuta, kifuko cha nyongo hujikamua, na kikijikunja ukuta wake huonekana mnene hata kama ni mzima. Isitoshe, kongosho linapowaka, maji ya uvimbe huweza kuenea hadi kwa jirani yake. Picha ikarudiwa baada ya Shangazi kushinda bila kula. Safari hii ukuta ulikuwa wa kawaida, na kipimo kilipobonyezwa chini ya mbavu za kulia hakushtuka wala hakukata pumzi. Mwenye kifuko kilichoambukizwa mara nyingi hushindwa kuvuta pumzi hapo.

Mrija ulikuwa na fumbo gumu zaidi. Madaktari hutumia mwongozo uitwao wa Tokyo, toleo la 2018, unaoangalia mambo matatu: dalili za mwili kuwaka, dalili za nyongo kukwama, na picha inayoonyesha mrija uliotanuka au kilichouziba. Lakini kongosho lililowaka huleta homa na kupandisha chembe nyeupe bila kijidudu hata kimoja. Kijiwe nacho, hata kama kilipita jana, huacha bilirubini na vimeng'enya vya ini vikiwa juu kwa muda. Kwa hiyo mgonjwa wa kongosho anaweza kujaza masharti mawili ya kwanza huku mrija wake hauna usaha wowote. Na ERCP si kamera ya kuchezea: yenyewe inaweza kuwasha kongosho au kuleta kutokwa damu.

Mpasuaji akaamua kuangalia mwelekeo, asitegemee namba za usiku mmoja. Damu ilichukuliwa ioteshwe maabara kuona kama ina vijidudu, dripu ikaendelea, vipimo vikarudiwa kila asubuhi. Bilirubini ikatoka 48 ikawa 31, kisha 19. Mrija ulipimwa ukawa mm 5, haukutanuka. Homa ikaisha siku ya tatu. Kijiwe kilikuwa kimeshajipitia chenyewe.

Nisieleweke vibaya, maana kitanda cha pili kulikuwa na mzee aliyelazwa kwa ugonjwa huohuo wa kongosho. Yeye macho yalizidi kuwa ya manjano kila siku, mkojo kama chai ya rangi, na mchana alishikwa na kutetemeka mpaka kitanda kikalia. Bilirubini yake ilikuwa inapanda na mrija ulikuwa umetanuka. Huyo hakusubirishwa. Alipewa antibiotiki na kupelekwa ERCP ndani ya saa 24. Dalili tatu, yaani maumivu, homa na umanjano, alizieleza daktari Mfaransa Charcot mwaka 1877, ila wazee wengi hawazionyeshi zote. Wakati mwingine mzee huanza tu kuchanganyikiwa au presha kushuka.

Kama una mgonjwa wa aina hii, nunua daftari. Andika bilirubini, chembe nyeupe na joto kila siku, pamoja na saa vilipopimwa. Ukiambiwa "kuna maambukizi", uliza kwa adabu: namba zinapanda au zinashuka? Mrija una upana gani? Picha ilipigwa akiwa hajala? Kama altrasaundi haioni mwisho wa mrija, na mara nyingi haioni kwa sababu ya gesi ya utumbo, uliza kama MRI ya njia za nyongo inapatikana. Mimi si daktari, na mwenye kutetemeka huku anageuka manjano usimcheleweshe kwa maswali yangu haya.

Shangazi alitolewa kifuko kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Mpasuaji alikataa katakata kumwachia aondoke nacho, kwa kuwa vijiwe vingine vingeweza kushuka wakati wowote. Vilikuwa vidogo kama mbegu za mtama, na hivyo vidogo ndivyo vyenye tabia ya kuponyoka. Tuliambiwa tuchunguze macho yake nyumbani mchana, karibu na dirisha, maana mwanga wa balbu hudanganya. Tangu hapo kila asubuhi napokea picha ya jicho moja limefunguliwa kwa vidole, bila salamu: "Mwanangu, hebu angalia."